Gunia la CAN lina uniti ngapi za stima?

Mahindi ya Trans Nzoia yakifika magotini, foleni ya agroveti huwa ni ya CAN, mbolea ya kukuzia ya kalsiamu amonia naitreti. Gunia ni kilo 50, na ubavuni limepigwa namba: 26 au 27. Namba hiyo ni asilimia ya naitrojeni. Gunia la 27 lina kilo 13.5 za chakula chenyewe cha mahindi. Zinazobaki ni oksijeni, haidrojeni kidogo na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Naitrojeni imejaa hewani, haiuzwi, lakini mhindi hauwezi kuivuta kutoka hewani kama maharagwe yanavyofanya kwa msaada wa bakteria wa mizizi. Lazima kwanza ifungwe na haidrojeni iwe amonia. Hapo ndipo sera ya Kenya ya haidrojeni ya kijani, yaani ile inayovunjwa kutoka kwa maji kwa umeme jadidifu, inapokutana na shamba la ekari mbili la Moi's Bridge, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapofaa kupimwa: gunia moja linakula uniti (kilowati-saa) ngapi za stima, na uniti hizo zinauzwa shilingi ngapi?

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo 13.5 za naitrojeni zinataka kilo 16.4 za amonia. Ukiongeza kinachopotea kiwandani, sema 17. Ndani ya kilo 17 za amonia mna kilo 3 za haidrojeni. Kuivunja haidrojeni kutoka kwa maji hula, kwa kanuni ya kisayansi, uniti 39 na kitu kwa kilo kama hakuna kinachopotea. Mashine za kweli, yaani elektrolaiza (mtambo wa kuvunja maji kwa umeme) pamoja na pampu na vigeuza umeme vyake, hula 50 hadi 55. Nikishika 52, kilo tatu ni uniti 156. Weka na umeme wa kutenga naitrojeni na hewa na wa kusukuma kompresa, unafika karibu uniti 170 kwa gunia.

Nyumba iliyo katika bendi ya chini kabisa ya bei ya stima, ile ya uniti 30 kwa mwezi, ingekaa na uniti 170 karibu miezi sita.

Sasa bei. Kiwanda kikinunua umeme kwa senti 10 za dola, na dola ikiwa shilingi 130, stima peke yake ni shilingi 2,210 kwa gunia. Mbolea ya ruzuku imekuwa ikiuzwa shilingi 2,500 tangu 2023. Kwa hiyo kwa senti 10 biashara imekufa kabla haijazaliwa, maana bado hujalipia mtambo, wafanyakazi, gunia lenyewe wala lori. Kwa senti 5 stima inashuka hadi 1,105 na mazungumzo yanaweza kuanza. Ndiyo maana mtu akiniambia sera ya haidrojeni ni ya kuokoa hali ya hewa, ama ya kuuza nje, mimi huuliza kwanza ukurasa wa bei ya umeme uko wapi.

Mkakati wa 2023 unasema nini

Kenya ilizindua Mkakati wake wa Haidrojeni ya Kijani Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi jijini Nairobi, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Ujerumani. Ukilinganisha na wenzetu, wa kwetu una akili ya nyumbani. Japani, iliyotoa mkakati wake mapema, Desemba 2017, iliwaza kuagiza. Ujerumani ya Juni 2020 iliwaza viwanda vyake vya chuma na kemikali na ikajua haitatosheka bila kununua nje. Chile mnamo Novemba 2020, na Namibia baadaye, ziliwaza meli za kusafirisha. Mkakati wa Kenya ulianza na tumbo: kufikia 2027, elektrolaiza za megawati 100 na tani 100,000 za mbolea ya naitrojeni kwa mwaka, kufikia 2032, megawati 150 hadi 250 na tani 300,000 hadi 400,000 za mbolea. Pamoja na hayo, tani 5,000 za methanoli, pombe ya viwandani, za kuondoa ile inayoagizwa. Sababu ya kuanza na mbolea inajulikana na kila aliyenunua DAP, mbolea ya kupandia, mwaka wa 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha gunia hadi karibu 7,000.

Zipitie hizo namba kwa kalamu, kuna jambo limejificha. Elektrolaiza za megawati 100 zinatoa takriban kilo 1,900 za haidrojeni kwa saa. Tani 100,000 za CAN ni magunia milioni mbili, yaani kilo milioni sita za haidrojeni. Gawanya: saa 3,100 hivi. Mwaka una saa 8,760. Kama mbolea yote ni CAN, mashine zitafanya kazi kidogo zaidi ya thuluthi moja ya mwaka na muda uliobaki zitalala. Huo ni mpango wa jua na upepo, au wa stima ya usiku tu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi.

Mvuke wa usiku hautoshi

Hoja inayopendwa Naivasha ni hii. Usiku wa manane matumizi ya stima nchini hushuka hadi karibu nusu ya kilele cha saa moja jioni, kilele ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300. Visima vya Olkaria, vinavyotoa mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima karibu na Naivasha, havizimwi na kuwashwa kama jiko la gesi. Chuma na saruji ya kisima vikipoa na kupata moto kila siku, hupasuka. Kwa hiyo mvuke huachiliwa hewani. Basi, wanasema, tuutumie kutengeneza haidrojeni kwa bei ya kutupa.

Inasikika vizuri. Tuipige hesabu. Chukua elektrolaiza iliyokwisha kufungwa kwa dola 1,500 kwa kila kilowati, na tufanye mwekezaji arudishe asilimia 12 ya mtaji kila mwaka: dola 180 kwa kilowati. Akifanya kazi saa sita za usiku, kilowati moja inatoa kilo 42 za haidrojeni kwa mwaka, kwa hiyo mashine peke yake inabebesha kila kilo zaidi ya dola 4. Kwa gunia, dola 12.80. Stima ya usiku hata kwa senti 3 inaongeza dola 5.10. Jumla karibu dola 18, shilingi 2,330.

Akifanya kazi asilimia 90 ya mwaka, kilowati ileile inatoa kilo 150 na ushei. Mashine inabebesha gunia dola 3.60 tu. Stima, hata ikiwa senti 6, mara mbili ya ile ya usiku, ni dola 10.20. Jumla chini ya dola 14, shilingi 1,790. Stima ya bei maradufu inashinda stima rahisi, kwa sababu mtambo haukulala.

Tena hapo nimehesabu elektrolaiza pekee. Mtambo wa amonia wenyewe unachukia kulala zaidi. Naitrojeni na haidrojeni huunganishwa kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 za selsiasi na shinikizo la baa 100 hadi 200, juu ya kichocheo cha chuma. Ukizima kila asubuhi, chombo kinapoa na kupanuka tena, viungo vyake vinaanza kuvuja, na kichocheo kinachakaa. Anayetaka kufuata jua au usiku lazima anunue matangi ya kuhifadhi haidrojeni ya kupitishia saa za ukame, na matangi hayo ni ghali. Kuna njia ya tatu, ya mtambo mdogo. Katika shamba la Morendat la Kenya Nut, Naivasha, kampuni ya Talus iliweka mtambo wa tani moja ya amonia kwa siku wenye sola ya megawati 2.1. Namba zake zinakubaliana vizuri: tani moja inataka karibu uniti 10,000, na sola ya ukubwa huo chini ya anga ya Naivasha hutoa kiasi hichohicho kwa siku. Tani hiyo ina naitrojeni ya magunia 61 ya CAN. Kwa shamba kubwa lenye trekta na wataalamu wake, sawa. Kwa Trans Nzoia nzima, hesabu inataka mvuke usiozimwa mchana na usiku, kwa mkataba wa miaka 15 au 20 wenye bei iliyofungwa.

Mvuke huo uko Nakuru. Mbali na Olkaria, Menengai ina visima vya GDC, kampuni ya serikali ya kuchimba mvuke, vinavyolisha vituo vya megawati 35 kila kimoja. Cha Sosian kilianza 2023. Kaishan ya Uchina, inayomiliki kituo cha OrPower 22 palepale, imetangaza nia ya amonia. Fortescue ya Australia ilitangaza mtambo wa megawati 300 Novemba 2022, na mwaka wa 2023 uliotajwa kuwa wa uamuzi ukapita bila uamuzi huo. Tangazo si gunia. Wazee wanakumbuka Ken-Ren, kiwanda cha mbolea cha miaka ya 1970 kilichopangiwa Mombasa, ambacho mikopo yake ililipwa kwa miongo bila kutoa hata kilo moja.

Kwekwe na Aswan walishafanya

Watu huongea kana kwamba amonia ya maji na umeme ni ndoto ya karne hii. Misri ilianza kuitengeneza Aswan mwaka 1960 kwa umeme wa bwawa la Nile. Zimbabwe iliitengeneza Kwekwe, kiwanda cha Sable, kwa umeme wa Kariba kuanzia miaka ya 1970. Wakulima wa mahindi wa Zimbabwe walitumia mbolea ya aina hii miaka arobaini bila mtu kuiita ya kijani.

Kilichowaua ni kilekile, stima. Aswan ilihamia gesi asilia. Kwekwe ilizima elektrolaiza zake mwaka 2015: Kariba ilikuwa inapungua maji, nchi haina umeme wa kutosha, bei imepanda, na shirika la umeme lilihitaji megawati hizo kwa watu wengine. Kiwanda kikageuka kuwa cha kununua amonia ya reli kutoka Afrika Kusini.

Somo kwetu liko kwenye foleni ya stima. Ukame ukikausha mabwawa ya Masinga na Turkwel, nchi itategemea mvuke zaidi. Hapo Kisumu na Kakamega zikipata mgao wa giza, waziri gani atathubutu kuachia kiwanda cha mbolea megawati 100? Kwa hiyo kiwanda kijengwe juu ya visima vipya vilivyochimbwa kwa ajili yake. Visima ambavyo tayari vinawasha taa visiguswe. Neno hilo moja, "vipya", lina uzito kuliko kurasa ishirini za malengo.

Maji, mwinuko na giza la ghafla

Wengi huogopea Ziwa Naivasha. Hofu ni ya haki ila ukubwa wake umetiwa chumvi. Kilo moja ya haidrojeni inakula lita 9 za maji safi kabisa. Ukiweka yanayotupwa wakati wa kusafisha na ya kupoza mitambo, sema lita 25. Kwa tani 100,000 za CAN hiyo ni mita za ujazo 150,000 kwa mwaka, karibu 410 kwa siku. Hekta moja ya maua hunywa, kwa makisio, mita 50 kwa siku. Kiwanda kizima kinakunywa kama hekta nane za waridi.

Tatizo kubwa zaidi ni ubora wa maji. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yamejaa floridi (tazama meno ya kahawia ya waliokulia Nakuru), silika na magadi. Elektrolaiza ya utando inataka maji yanayopitisha umeme chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita, na maji ya kisima huwa na mamia. Kloridi hula elektrodi, kalsiamu huziba utando. Silika ndiyo mjanja: kwenye chujio la shinikizo, ikipita miligramu 120 hadi 150 kwa lita upande wa maji yanayokataliwa, huganda kama kioo juu ya utando na asidi ya kawaida haiitoi. Kisima chenye silika 60 kinakuruhusu kurudisha nusu tu ya maji. Nusu nyingine inatoka na floridi maradufu. Anayeandika kibali cha mazingira aulize nusu hiyo inamwagwa wapi. Isiende Ziwa Nakuru wala kwenye mifereji inayonywesha ng'ombe. Njia salama ni kuirudisha ardhini kupitia visima vya kurudishia maji ya mvuke, vilivyopo tayari.

Mwinuko nao husahaulika. Naivasha na Nakuru ziko karibu mita 1,850 hadi 1,900 juu ya bahari, na hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko Mombasa. Kompresa ya hewa iliyoagizwa kwa vipimo vya pwani ya Ulaya itakuletea naitrojeni pungufu kwa asilimia hiyohiyo, halafu lawama zinaanza. Andika mwinuko kwenye oda.

Kisha giza. Kati ya Agosti 2023 na Septemba 2024 gridi ya taifa ilianguka mara kadhaa nchi nzima. Elektrolaiza ya alkali, yenye maji ya potasiamu haidroksidi ya asilimia 25 hadi 30, haifurahii kupunguzwa chini ya robo ya uwezo wake: gesi mbili zinaanza kupenyezana, na haidrojeni ikikaribia asilimia 2 ndani ya oksijeni, mtambo lazima ujizime, kwa sababu kuanzia 4 inawaka. Umeme ukikatika ghafla unahitaji naitrojeni ya akiba ya kufukuzia gesi mabombani na betri ya kuendesha vipimio na vali. Oksijeni au mvuke wa maji ukiponyoka hadi kwenye kichocheo cha amonia, kichocheo kinalewa, na kikilewa mara nyingi hakiamki. Kwa sababu hiyo ningependelea laini ya moja kwa moja kutoka kituo cha mvuke, gridi ikiwa ya akiba.

CAN, urea au DAP?

Mkakati unasema "mbolea ya naitrojeni" na kuishia hapo. Lakini aina ya gunia inabadilisha kiwanda kizima.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, inasafirishwa kwa nafuu, ila gunia lake linataka kilo 37 za hewa ya kaboni. Viwanda vya gesi asilia vinayo bure kwa sababu huivunja methani. Mtambo wa maji na mvuke hauna. DAP inataka asidi ya fosforiki, na fosfeti hatuna; ya karibu iko Sukulu, Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Elektrolaiza ya Naivasha ingesaidia DAP kwa kilo 9 za naitrojeni tu kati ya gunia zima. Inabaki CAN, na hiyo ndiyo yenye mantiki kwa magharibi. Sehemu ya amonia inachomwa juu ya wavu wa platinamu kwenye nyuzijoto 900 hivi iwe asidi ya naitriki, asidi inaunganishwa na amonia iliyobaki, kisha inachanganywa na chokaa. Kila gunia linameza kilo 11 hivi za mawe ya chokaa, na Koru, karibu na Muhoroni, inachimba chokaa tangu zamani. Mawe yasiwe na chumvi ya kloridi wala mabaki ya mimea, kwa sababu vitu hivyo huiharakisha amonia naitreti kuoza ikipata moto. Chokaa hiyohiyo ndiyo inayoifanya CAN iwe tulivu. Amonia naitreti tupu ndiyo iliyolipuka Beirut Agosti 2020, tani 2,750.

Njia nayo ni fupi. Kutoka Mombasa, bandari inakoingilia mbolea ya nje, hadi Kitale lori linatembea zaidi ya kilomita 850. Kutoka Naivasha ni karibu 300.

Kuna shimo moja ambalo sijaliona likitajwa mikutanoni. Kiwanda cha asidi ya naitriki hutoa naitrasi oksidi, gesi inayopasha dunia joto mara 273 kuliko hewa ya kaboni kwa uzito uleule. Bila kidhibiti, tani moja ya asidi hutoa kilo 5 hadi 9. Gunia la CAN linabeba kilo 30 za asidi. Shika kilo 7 kwa tani: gramu 210 za gesi hiyo, sawa na kilo 57 za hewa ya kaboni. Na je, amonia ya mvuke iliokoa kiasi gani ikilinganishwa na ya gesi asilia? Kilo 17 mara mbili hivi: kilo 34. Yaani kiwanda cha kijani bila kidhibiti kinachafua kuliko kilichookoa, na gunia la Ulaya lililotengenezwa kwa gesi lakini lenye kidhibiti linaweza kulishinda. Dawa ipo na si ghali: kichocheo cha pili chini ya wavu wa platinamu kinaondoa karibu asilimia 90. Liandikwe kwenye leseni, pamoja na kipimio cha bomba la moshi kinachosomwa bila kusimama.

Methanoli nitaipitia haraka, ingawa Kisumu ina nafasi hapo. Tani moja inataka kilo 190 za haidrojeni na tani 1.4 hivi za hewa ya kaboni. Kwa tani 5,000 hiyo ni karibu tani 7,000 za hewa ya kaboni. Mvuke wa Olkaria unayo, ila imechanganyika na gesi ya salfa, ile ya harufu ya mayai mabovu, ambayo ni sumu kwa kichocheo. Kwingine iliko safi ni kwenye matangi ya kuchachusha molasi ya miwa huko Muhoroni. Kila tani ya ethanoli inaachilia karibu tani moja ya hewa ya kaboni iliyo karibu safi. Lita milioni 9 za ethanoli zingetosha. Haidrojeni isisafirishwe kwa lori kutoka Naivasha, ni nyepesi mno kiasi kwamba unabeba chuma zaidi ya gesi. Ni bora elektrolaiza ndogo ya megawati sita hivi iwekwe karibu na molasi, kwa kuwa laini kubwa ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu ilijengwa kuleta mvuke upande huu.

Kuuza nje na cheti cha 90

Kwa anayewaza soko la Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inamlazimisha mtengenezaji kuonyesha kwamba umeme wake ni wa vituo vipya na unalingana na matumizi yake, kwa mwezi hadi mwisho wa 2029 na kwa saa kuanzia 2030. Kuna mlango wa pembeni: eneo la gridi likipita asilimia 90 ya umeme jadidifu kwa mwaka, haidrojeni yake huhesabiwa kuwa safi, na hadhi hiyo hudumu miaka mitano. Kenya huelea karibu na 90. Mwaka wa mvua tunapita, mwaka wa ukame majenereta ya Mombasa yanaturudisha chini. Kwa hiyo kila megawati ya dizeli inayozimwa Kipevu, Mombasa, ina thamani kwa muuza amonia wa Naivasha, ingawa hawajuani. Binafsi naona soko hilo lingoje. Tani ya amonia inayopelekwa Rotterdam, ukitoa kinachopotea kiwandani, ni magunia 58 ya CAN ambayo hayakufika Kitale.

Upande wa wenye ardhi, Sheria ya Nishati ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Mrabaha unatozwa kwa thamani ya nishati inayotokana na mvuke. Kiwanda kikichota mvuke moja kwa moja kwa joto la kukaushia chembe za mbolea, bila kupitia taa ya mtu yeyote, thamani hiyo inapimwaje? Wamaasai waliohamishiwa kijiji cha RAPland mwaka 2014 kupisha Olkaria IV, waliofikisha malalamiko yao hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wana haki ya kujibiwa swali hilo kabla ya kisima cha kwanza.

Na kiwanda kisiishie kwenye amonia. Amonia tupu huchemka kwenye nyuzijoto 33 chini ya sufuri, kwa hiyo hukaa kwenye tangi la shinikizo la baa 8 hadi 10, na hudungwa ardhini kwa trekta yenye visu, sentimita 15 chini, kwenye udongo wenye unyevu. Mkulima wa ekari mbili hana hiyo trekta. Lori la amonia likipinduka mteremko wa Salgaa, wingu baridi hutambaa chini; hewa yenye sehemu 300 kwa milioni inatosha kuhatarisha uhai. Anayekutwa hapo akimbie kukata upepo, na macho yaoshwe kwa maji mengi dakika 15 bila kungoja ambulensi. Chembe za CAN hazina visa hivyo barabarani.

Mwisho wa safari ya zile uniti 170 ni udongo wenyewe. Mashamba mengi ya Kakamega, Vihiga na Uasin Gishu yana asidi, pH chini ya 5.5, na miaka mingi ya DAP imechangia. Kwenye pH 5 aluminiamu huyeyuka, mizizi inadumaa, fosforasi inafungwa. Kilo 11 za chokaa ndani ya gunia la CAN hazirekebishi hilo. Shamba la namna hiyo linaweza kutaka tani moja hadi mbili za chokaa kwa ekari, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, baada ya kupima. Bila hiyo mizizi haifikii naitrojeni, na mvua ya Mei inaichukua naitreti hadi mto Nzoia, kisha Ziwa Victoria, ambako inalisha magugumaji.